Namba ya Sista Ezaru

Kila Januari nalitoa daftari kabatini,
lile la jalada jekundu, pembe zimeliwa na panya,
naweka rula chini ya jina, namba, tarehe ya mwisho,
nashuka mstari kwa mstari kama mchuma tumbaku.
Hospitali yetu hapa Arua si kubwa:
wodi nne, maabara, jenereta linalokohoa,
watumishi themanini na wawili
wanaoniona karani wa kero.
"Ondoma na makaratasi yake! Mgonjwa haulizi leseni."

Kweli, haulizi.
Anayeletwa juu ya bodaboda,
kabanwa kati ya dereva na shemeji,
damu ikidondoka toka Vurra hadi langoni,
hana pumzi ya kuuliza.
Basi nauliza mimi.

Mkunga Letaru, miaka thelathini na mmoja kazini:
leseni imekwisha tangu Septemba.
Alikuja na glavu zikiwa bado na unga, akacheka.
"Wewe nilikupokea mwenyewe. Ulitanguliza miguu,
mbishi tangu siku hiyo.
Leo wataka nithibitishe najua kuzalisha?"
Mama, nikasema, siikagui mikono yako. Ni tarehe.
Akatazama dirishani.
Ada ya leseni ilikuwa imekwenda kwenye karo ya mjukuu.
Nikaandika barua; mpaka stakabadhi ije,
atapanga shuka stoo, asimguse mzazi.

Usiku wa tatu mwanamke alilia kwa muda mrefu.
Nilimkuta Letaru mlangoni pa stoo,
mikono kaifunga nyuma kama mwenye pingu,
akimwelekeza mkunga kijana ng'ambo ya ukumbi:
"Geuza. Polepole. Usivute! Sasa."
Hilo sikuliandika popote.

Rula ikashuka.

Onziru, wodi ya watoto.
Yule anayepasha kiganja joto kwa pumzi
kabla ya kugusa tumbo la mtoto,
anayejua nani anaogopa sindano na nani anaogopa koti.
Cheti chake kinang'aa ndani ya plastiki.
Nikaiandika namba kwenye rejista ya Baraza,
mtandao ukakatika, ukarudi, ukakatika,
kisha jina likapanda taratibu kwenye kioo:
Ezaru.

Sista Ezaru tulimfunga shuka wenyewe
mwaka ule wa homa ya uti wa mgongo.
Mimi nilishika upande wa miguu.
Ndiye aliyekuwa akiandika namba yake
chini ya kila karatasi ya dawa, na mistari miwili chini yake.
"Nikikosea," alisema, "wanitafute mimi,
wasihangaike na mwingine."

Na namba imefanya kazi miaka miwili bila mwenyewe,
imetoa kwinini, imechoma sindano, imesaini zamu za usiku,
huku yeye amelala Ediofe chini ya saruji.

Onziru hakukana.
Alisoma mpaka mwaka wa pili, baba akafa, ada ikakatika.
"Sema, Ondoma, kuna mtoto aliyekufa mikononi mwangu?"
Nikasema sijui.
Nikasema: na sitajua kamwe,
kila karatasi nikiifuata inanipeleka makaburini.
Akafungua saa yake kifuani, akaiweka mezani,
ingawa ile saa ilikuwa yake.

Barua ya kwenda Kampala niliiandika mara tatu.
Ya kwanza ilikuwa na neno "mpole". Nikalifuta.
Ya pili nikalirudisha.
Iliyokwenda sikumbuki.

Ijumaa stakabadhi ya Letaru ikafika,
imekunjwa mara nane, ina joto la kifua.
Nikagonga mhuri, akaondoka bila kunishukuru,
nikamsikia akinawa, maji mengi, muda mrefu.

Leo kinamama wanne wameniuliza
yuko wapi yule sista wa viganja vya moto.
Nimesema hayupo.
Mmoja, mtoto mgongoni, amebaki mlangoni.
"Huyu mpya," akauliza, "mmemwangalia vizuri?"
Nikamfungulia daftari, nikamwonyesha mstari.
Hajui kusoma.
Aliweka kidole juu ya namba, akakiacha pale.